Safari za Mbarara Mwaka wa Homa

Jumatatu, 17 Septemba 2012

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na kama kawaida yake imetukuta njiani. Gari ya wagonjwa iliteleza kabla ya kufika Kabingo, ikageuka ikatazama tulikotoka. Dereva wetu, Katureebe, akazima injini, akaniambia nishuke nisukume. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha kanisani, kwa sababu mjini ukivaa vibaya hata mfagiaji hakujibu salamu. Nikasukuma nacho hivyo hivyo.

Kazi yangu ndiyo hii: mtu wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale akiandikiwa kwenda hospitali kubwa ya Mbarara, mimi huenda naye kumsemea. Mgonjwa anasema Kiswahili cha kwetu Kivu, daktari anasema Kiingereza au Kinyankore, mimi nasimama katikati. Ni mwaka wa nne sasa. Watu wa kijiji chetu hapa kambini, Misiera, wananiambia nina bahati, natembea sana, naona mji. Mji nauona, ndiyo. Lakini tangu tulipokimbia Uvira, fasi yoyote yenye askari getini, kabla hata sijasalimia, macho yangu yanatafuta mlango wa pili.

Ijumaa, 21 Septemba

Mjini kuna nyumba moja ya kupiga picha za mifupa, nayo ina lifti. Nimepanda leo na mzee mwenye nyonga mbovu. Tulipokuwa kati ya ghorofa mbili umeme ukakatika, tukabaki gizani mimi na yeye kama viazi ndani ya gunia. Mzee akaniuliza kwa upole kama tumekufa. Nikamwambia bado. Akasema basi tuombe, na tukaomba, na sauti yangu ilitetemeka kuliko yake. Umeme uliporudi na mlango ukafunguka, wasichana wawili waliokuwa wanangoja nje wakatutazama tumeshikana mikono, wakacheka.

Kurudi, nimemteremsha mzee kwa ngazi. Ilituchukua muda mrefu. Katureebe alikuwa amekasirika, anakula gonja, ndizi ya kuchoma, garini na redio imefunguliwa mpaka mwisho. Hakuniambia hata pole. Huyu bwana ana tabia ya kuniita "wewe mkimbizi" kana kwamba ndilo jina nililobatizwa.

Jumatano, 3 Oktoba

Mvua kutwa. Hakuna safari. Mwanangu Ishema amenisomea kitabu chake cha Kiingereza akiwa amekaa juu ya kitanda, miguu juu, kwa sababu maji yameingia ndani. Miaka tisa tu, na Kiingereza chake kimeshanipita.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimeshinda dukani kwa Constance. Duka lake liko karibu na njia panda ya Base Camp, ana sahani ya jua juu ya bati na anachaji simu za watu wa kijiji kizima. Ukiingia unakuta simu zimelala mezani kama dagaa juani. Nikisafiri, Ishema hulala kwake. Sina dada hapa. Constance ndiye dada.

Bwana yangu Mihigo hajaja wiki hii. Anachunga ng'ombe za mtu huko Masha, na wakati wa mvua tajiri hampi nafasi. Barabara inapita karibu na malisho yao. Siku nyingine gari ikipita namwona kwa mbali, fimbo mabegani. Nampungia mkono, naye anapungia kila gari, hajui ipi ni yangu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Redio imesema kuna homa upande wa Kabale. Mtu anapata moto mwilini, anatapika, halafu damu inatoka puani na mdomoni. Wameitaja kwa jina lake, Marburg. Imeua watu. Inashika kwa kugusa mgonjwa, jasho lake, damu yake, na maiti yake.

Dukani kwa Constance watu walisikiliza wamesimama. Mmoja akasema Kabale ni mbali. Hakuna aliyemjibu. Sisi wote tuliopo hapa tunajua jinsi mbali inavyokuja karibu.

Jumanne, 23 Oktoba

Homa imefika Mbarara. Kwenye geti la hospitali sasa kuna kijana mwenye kijibastola cheupe cha plastiki. Anakuelekezea kwenye paji la uso, anabonyeza, kinasoma joto lako. Nilijua ni kipimo. Nilikuwa nimeambiwa. Lakini mkono ulipoinuka, nilishika ukuta. Kijana akaomba radhi. Nyuma yangu mama niliyemsindikiza alikuwa amefumba macho kabisa na anataja majina ya watoto wake.

Mjini watu hawasalimiani kwa mkono tena. Wanagusana viwiko. Sokoni hakuna anayebonyeza papai.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mikono yangu inanuka dawa ya kuulia wadudu. Nimeinawa mpaka vidole vimekunjamana. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapiga kelele, na nikipiga kelele watu watakuja.

Asubuhi walimwingiza garini mwanaume anayeitwa Bienfait. Namjua kwa sura, ni wa hapa hapa Misiera, analima maharage na mara nyingine anatoka kwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya Waganda. Alikuwa na homa kali. Muuguzi wa hapa alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mke wake, Grâce, ana mimba kubwa. Alitaka kuja, wakamwambia barabara ni mbaya, abaki. Alisimama pembeni ya gari akinishika mkono kwenye dirisha, akaniomba nimsemee bwana yake vizuri. Nikamwahidi.

Tulipopita Kabingo damu ikaanza kumtoka puani. Si nyingi, lakini haikukatika. Nikamlaza kichwa kwenye mapaja yangu, nikambana pua kwa kipande cha kitenge. Mambo haya ninayafanya kila siku. Mkono ulifanya kabla kichwa hakijafikiri.

Hapo ndipo aliponiambia. Alisema polepole, macho juu kwenye bati la gari. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la migomba ng'ambo ya Mbarara. Tajiri wake aliugua, akatapika damu, akafa. Watu wa nyumba waliogopa kumgusa. Bienfait ndiye aliyemwosha. Baada ya siku chache akasikia mwili unauma, akarudi nyumbani kwa mguu na kwa lori.

"Mama Ishema, weye ni mutu wa kwetu," akasema. "Usibaambie bale banganga. Batakuya kwangu na yale manguo yabo meupe, na batu batachoma nyumba. Grâce iko na mimba. Ataenda fasi gani?"

Nilitazama mkono wangu uliokuwa juu ya pua yake, na damu katikati ya vidole, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Sikuuondoa. Sijui kama ilikuwa huruma, au niliona tu kwamba umeshachelewa kuondoka.

Kutoka hapo mpaka mjini sikusikia mvua wala redio ya Katureebe. Nilikuwa namwona Ishema. Usiku uliopita alilala ubavuni mwangu, kesho je?

Getini kile kipimo kikalia. Muuguzi mmoja akaja, mrefu, barakoa mdomoni, akasimama hatua kadhaa kutoka kwetu. Akaniambia nimuulize mgonjwa kama amegusa maiti, au mtu anayetokwa damu. Nikamuuliza Bienfait, kwa maneno yale yale, kana kwamba sijui. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Hapana," akasema.

Kazi yangu ni kusema alichosema mgonjwa. Si kuongeza, si kupunguza. Miaka minne sijaongeza neno. Na yeye alisema hapana, na hapana kila mtu anaijua, haihitaji hata msemaji. Muuguzi alikuwa ameshaanza kuvuta kitanda cha magurudumu kwa mikono mitupu. Kwenye kidole chake kulikuwa na pete nyembamba.

Nikasema kwa Kiingereza, "Amesema hapana. Lakini njiani aliniambia kwamba alimwosha mtu aliyekufa akitoka damu."

Muuguzi akaachia kitanda. Akarudi nyuma, akapiga kelele kuwaita wengine, na watu wote waliokuwa getini wakatawanyika kama kuku. Bienfait hajui Kiingereza, lakini alielewa. Alielewa kwa miguu ya wale waliokimbia.

"Mama," akaniambia, "umeniua."

Walimchukua watu waliofunikwa kutoka kichwani mpaka miguuni. Mimi na Katureebe tulipuliziwa dawa hadi nguo zikaloa. Wakanipa kipimajoto cha kuweka kwapani, kinachopiga mlio kikimaliza, na masharti: nipime asubuhi na jioni, nisilale na mtu, nisile na mtu, nisimguse mtu kwa wiki tatu. Joto likipanda nipige simu, nisisubiri. Katureebe naye hivyo hivyo.

Njia nzima ya kurudi hakufungua redio. Karibu na nyumbani akasema tu, "Nyabo, mimi iko na watoto tano." Nyabo ni mama, kwa lugha yao. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali kwa hasira.

Nimempigia Constance simu kabla sijafika. Amemchukua Ishema. Nilipopita nyuma ya duka nilimsikia mwanangu akicheka na mtu.

Ijumaa, 26 Oktoba

Asubuhi 36.7. Jioni 36.9. Kwa nini imepanda?

Wale wa nguo nyeupe wamekuja kwa Grâce. Kutoka mlangoni kwangu naona bati la nyumba yao. Wamepuliza dawa ndani na nje, wakamwambia asitoke. Kijiji kizima kilisimama kutazama, na walipochoka kumtazama Grâce wakageuka wakatazama huku.

Jumapili, 28 Oktoba

Wazee wa kanisa wametuma ujumbe kwa simu kwamba wananiombea, na kwamba Mungu yuko hata nyumbani. Nimeelewa. Nimesikia kwaya ikiimba, sauti yangu ya tatu haipo, na hawakukosea hata mara moja bila mimi.

Jioni simu ililia, namba ya Katureebe. Nilidhani ni tusi. Aliniuliza, "Joto yako ngapi?" Nikamwambia. Akasema yake. Kisha akakata.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mchana niliona moshi, nikafikiri watu wanachoma takataka. Baadaye Constance akanipigia. Wamechoma nyumba ya Grâce. Walianza na godoro, kwa kusema wanaua wadudu, na moto ukapanda kwenye nyasi za jiko, kisha juu. Hakuna aliyetaka kusema nani aliwasha. Grâce alitoka amebeba sufuria moja. Polisi walikuja wakamhamishia kwenye hema nyuma ya kituo cha afya.

Nimekaa sakafuni. Bienfait aliniambia hivi hivi. Neno kwa neno. Na muuguzi mwenye pete nyembamba anakula chakula chake cha jioni sasa hivi mahali fulani, hajui.

Najiambia nilifanya vizuri. Halafu natazama kule ambako jana palikuwa na bati.

Jumanne, 30 Oktoba

Constance amemrudisha Ishema. Hakukaribia. Alisimama pale njia inapokatia, akamwachia mtoto mkono, akamwambia haya, nenda kwa mama yako. Nilitoka mlangoni nikapiga kelele mtoto asimame, asije, na Ishema akabaki katikati, mfuko wake wa shule mgongoni, anatutazama mmoja mmoja.

Constance alikuwa analia. Alisema watu hawaleti tena simu, wanasema umeme wake umeshika homa kwa sababu ya mtoto. Alisema ana watoto wake pia. Nilijua anasema kweli, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nimemweka Ishema jikoni, kwenye kile kibanda cha nje. Nimempitishia blanketi kwa mti mrefu, kama mtu anayemlisha nyoka. Hakuuliza swali. Afadhali angeuliza.

Jumatano, 31 Oktoba

Mihigo amekuja kutoka Masha kwa mguu. Watu walikuwa wameshampelekea habari. Tajiri alimwambia ukienda huko usirudi kwangu, na yeye akaacha fimbo ya watu imesimama kwenye ukuta wa zizi akaja.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba bwana yangu ni mtu asiyeona mambo. Miaka kumi na mbili nimemwita mzito. Leo, bila kuuliza wala kulia, amefunga turubai ng'ambo ya mfereji, akamchukua Ishema kutoka jikoni, akampikia. Kisha akageuza jiwe, akakaa akitazama mlango wangu. Nikamwambia aingie chini ya turubai, mvua inakuja. Akasema, "Ninachunga."

Ijumaa, 2 Novemba

36.8. 36.8. Katureebe 36.5. Ameniambia kwamba mke wake anamwachia chakula kwenye kisiki kama mbwa, na akacheka, kisha hakucheka.

Jumatatu, 5 Novemba

Niliamka nikitetemeka. Nilisema ni baridi, mvua ilinyesha usiku. Nikavaa sweta. Nikaweka kipimajoto na nikaanza kuomba, na kikapiga mlio kabla sijafika amina.

38.6.

Nikakitoa, nikakipangusa, nikaweka kwapa la pili. 38.7.

Kichwa kinagonga. Mifupa inauma. Yote waliyoyasema redioni ninayo. Nimejitazama puani kwenye kioo. Hakuna kitu bado. Nimeangalia ulimi.

Kwa muda, sitasema ni muda gani, nilishika simu bila kupiga. Nikipiga watakuja wale watu weupe, na Ishema atawaona wakinibeba. Watu watauona mlango wangu. Kule ng'ambo ya mfereji kuna turubai moja tu, na turubai linawaka haraka kuliko nyasi. Maneno yote ya Bienfait yalikuja mdomoni mwangu mimi mwenyewe, yakiwa na sauti yangu.

Nimepiga. Wanakuja. Nimemwambia Mihigo kwa sauti kutoka mlangoni. Amesimama. Ishema anaosha sufuria, ametupa mgongo, hajasikia. Nasikia gari.

Jumamosi, 10 Novemba

Niko nyumbani. Niko mzima. Ilikuwa malaria, malaria ya kawaida ya mvua, na ile homa haimo katika damu yangu. Naandika haya polepole maana mkono bado hauna nguvu.

Aliyeendesha gari ni Katureebe. Madereva wengine walikataa. Alisema yeye na mimi tumeshapuliziwa dawa ndoo moja, basi. Walimvika zile nguo na glavu mbili, akaendesha mikono imesimama kama ya mtoto anayejifunza. Nilipokuwa nimelala kule nyuma, nilimsikia akisema peke yake, "Pole nyabo. Pole." Kila shimo, pole.

Kule walinilaza kwenye hema la plastiki nyeupe, kitanda kimoja, ndoo moja. Taa haizimwi. Wanaoingia hawana nyuso. Wana majina yaliyoandikwa kifuani kwa kalamu nene. Wanazungumza nawe kutoka ndani ya maguo yale na sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mimi, msemaji wa watu, sikusikia neno. Waliniuliza mara tatu kama natapika, nikajibu jina la baba yangu. Nilielewa siku ile wagonjwa wangu wanavyonitazama mdomo.

Walichukua damu, wakasema inapelekwa maabara ya Entebbe. Kungoja majibu ya damu ni kitu ambacho sitakieleza. Nilikuwa napanga nani atamsuka Ishema nywele.

Upande wa pili wa plastiki kulikuwa na mtu anakohoa. Siku ya pili nikasikia akiwaambia kwa Kiswahili wamletee maji, na hawakumwelewa, wakamletea blanketi. Nikajua sauti. Nilinyamaza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa damu yangu. Halafu akaomba maji tena, na muuguzi akauliza kwa Kiingereza anataka nini, na nikashindwa kunyamaza. Nikasema kwa nguvu kutoka kwangu, "Anataka maji."

Kitanda chake kikalia.

"Mama Ishema," Bienfait akasema. "Na weye pia?"

"Na mimi pia."

Akanywa. Nilimsikia akinywa. Baada ya muda akaniuliza, "Grâce iko fasi gani?"

Ningeweza kumwambia yuko salama, ambayo ni kweli. Ningeweza kuishia hapo, mtu ni mgonjwa. Nikamwambia yuko kwenye hema nyuma ya kituo cha afya, yeye na mimba wazima, na nyumba wameichoma.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

Kesho yake yakaja majibu yangu, na ya kwake ya pili. Yeye pia hana ile homa. Walisema malaria ilikuwa imemfika mbali, na damu yake ilikuwa haigandi vizuri. Wakasema huenda hata yule tajiri wake alikufa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Daktari alikuja bila nguo nyeupe, na uso, uso wa kijana tu mwenye ndevu chache, akaniomba nimfasirie Bienfait habari njema. Nikafasiri.

Bienfait alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukuta wa plastiki.

Alhamisi, 15 Novemba

Bienfait amerudi. Amemkuta Grâce kwenye hema. Watu wale wale wamejitolea miti na nyasi, wanamjengea nyumba, wanaimba wakijenga. Mihigo amekwenda kusaidia kupiga udongo. Mimi sikwenda. Niliwatazama tu kutoka hapa.

Constance amenitumia sukari. Nimeipokea. Sijaenda kuongea naye. Nikikumbuka mtoto amesimama katikati ya njia, miguu inakataa. Nikikumbuka simu niliyoishika bila kupiga, nasema huenda mimi ningefanya vile vile. Mambo haya mawili yanakaa ndani yangu na hayasalimiani.

Mihigo hana kazi. Anasema ng'ombe wako wengi Uganda hii.

Alhamisi, 22 Novemba

Nimerudi kazini. Getini kijana yule amenielekezea kijibastola chake, nami nimeshika ukuta kama siku ya kwanza. Katureebe alinisubiri kwa saa nzima bila kulalamika, na bado ananiita mkimbizi.

Jumanne, 4 Desemba

Jana jioni Bienfait alikuja mpaka kwenye mfereji, hakuuvuka. Alisema mtoto wa Grâce amelala vibaya tumboni na kituo kimemwandikia Mbarara. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba Anselme naye anasindikiza wagonjwa siku hizi, ni msemaji mzuri, nitampigia. Nilikuwa namwepushia Grâce kuniona. Nilikuwa najiepushia pia, maana naogopa macho ya Grâce.

Bienfait akatazama chini. "Grâce amekataa Anselme," akasema. "Anasema Anselme anasemaka ile batu banapenda kusikia."

Basi leo nimekwenda naye. Mvua, tope, Masha imejaa ukungu. Grâce alikaa ameshika chuma cha kiti, na kila gari ilipodunda alifumba macho, na mimi sikuthubutu kumshika. Nilikuwa na pamba na maji, na sikuthubutu kumpa mpaka alipoyatazama.

Daktari alimpima kwa ile mashine ya kupaka mafuta tumboni. Kioo kikaonyesha kitu kama mvua ndani ya televisheni. Akakitazama, akaacha kuzungumza na mwenzake. Kisha akanigeukia akasema mengi kwa haraka: mtoto amekaa kwa matako, kitovu kimetangulia, moyo wake unapungua nguvu, lazima mama apasuliwe sasa hivi, na hata hivyo haahidi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mwambie tu kwamba tunamsaidia, asiogope.

Grâce alikuwa amelala anatazama mdomo wangu.

Kulikuwa na maneno mepesi, nimeagizwa na daktari mwenyewe niyaseme. Nikainama karibu naye nikamwambia yote. Matako, kitovu, moyo unaopungua, kisu, na kwamba haahidi. Sikuacha hata moja.

Uso wake haukubadilika. Akauliza, "Ni yote?"

"Ni yote."

Akanyoosha mkono akashika mkono wangu wa gauni, kitambaa tu, si mkono. Akawaambia kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, bila kunisubiri, "Mupasue."

Walimsukuma kwenda ndani. Kitambaa aliachia mlangoni.

Ijumaa, 7 Desemba

Mtoto wa kike. Alitoka amenyamaza, wakamsugua, akalia kwa hasira kubwa. Mama naye mzima. Leo tumewarudisha nyumbani, Katureebe ameendesha polepole mpaka malori yalitupita.

Grâce hakuniambia asante. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa mbele ya ile nyumba mpya ambayo udongo haujakauka, Constance yumo, wote wamenyoosha mikono kumpokea mtoto. Walikuwa wengi, na nilijua wengine wao walikuwepo pia siku ya moshi, na Grâce alijua kuliko mimi. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaona hawezi kushuka garini akiwa na kidonda na mtoto pamoja, akageuka, akanipa mimi nimshike.